Eda ya Mwili

Siku tuliyomzika mama, mdogo wangu alishika jeneza upande wa mbele tangu mlangoni petu, na wanaume waliorudi kutoka makaburini walinieleza kwamba hakukubali kupokewa hata mara moja. Aliteremka kaburini mwenyewe, akampokea mama mikononi, akamlaza kwenye mwanandani. Aliporudi nyumbani udongo ulikuwa umempanda hadi viwikoni. Alisimama mlango wa uani akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, "Dada, kuna madumu ya kujaza?"

Macho yake yalikuwa makavu.

Kwa siku tatu za matanga alikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango, akipokea wageni. Kila aliyeingia alisema, "Makiwa," naye akajibu, "Tunayo," kwa adabu zote, kama anayehesabu chenji. Ndani, wanawake tuliokuwa juu ya mikeka tulimwona kupitia pazia. Mama mdogo aliniinamia akanong'ona kwamba mtoto huyu hana moyo, hata chozi la kuazima hana. Nami sikumtetea. Usiku wa tatu, watu walipopungua, nilimfuata nje nikamwambia maneno mawili ambayo natamani ningeyameza: "Hata mama?"

Alinitazama kwa muda. Kisha akasema, "Nalitafuta, Dada. Silioni."

Ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa kwamba lile halikuwa jibu la jeuri. Alikuwa ananipa taarifa. Siku ile ilikuwa ya 23 tangu aache kutafuna mogoka, jani la kuchangamsha.

Alianza kutafuna akiwa na miaka 17, mwaka wake wa mwisho wa sekondari, ili akeshe na vitabu. Jani lilimpa alichokitaka. Usingizi ulikimbia, njaa ikakaa pembeni, na maneno yakamjaa kinywani hata akawa mchangamfu kuliko alivyozaliwa. Shule ilikwisha, jani likabaki. Alipopata tuktuk ya kuendesha, lilimsaidia kuvuta hadi usiku wa manane. Kwa miaka 12, kila alasiri, mzigo ulipofika mjini, alikwenda kibandani akachukua pakiti yake ya shilingi 50, baadaye mbili, baadaye tatu, na njugu za kukaanga za kukatia uchungu, akaenda maskani kusubiri handasi, yaani ule uchangamfu wa jani. Sisi nyumbani tulizoea. Tulijua saa ya kumwomba kitu akakubali, na saa ya kumwacha.

Mogoka hutoka Embu, hasa upande wa Mbeere, na ni ndugu wa miraa ya Meru. Mti ni mmoja. Mwaka 1975 wataalamu wa maabara ya Umoja wa Mataifa walitenga kutoka kwenye majani mabichi kemikali iliyopewa jina la kathinoni. Umbo lake linakaribiana sana na la amfetamini, na kazi yake ubongoni ni ya jamaa hiyohiyo, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi. Jani likinyauka, kathinoni hugeuka kuwa kathini, ambayo ni dhaifu, na ndani ya siku mbili hivi sehemu kubwa ya nguvu imeondoka. Ndiyo sababu magari ya mzigo hukimbia vile barabarani, na ndiyo sababu miraa hufungwa kwa majani ya mgomba isikauke. Biashara nzima inakimbizana na kifo cha jani. Nilipolijua hilo niliona kwamba hata mdogo wangu alikuwa akikimbizwa na kitu kilekile. Kila siku alinunua uhai wa jana uliokwisha kunyauka.

Ili nimwelewe ilinibidi nisome mambo ambayo sikuwahi kudhani yananihusu. Nilianza na sungura. Mwaka 1957 mwanasayansi wa Sweden, Arvid Carlsson, na wenzake waliwapa wanyama dawa iitwayo reserpini, inayokausha akiba ya kemikali fulani za ubongo. Wanyama wakalala chini, hawajiwezi, chakula kiko mbele yao na hawakiendei. Kisha wakadungwa sindano ya malighafi ambayo mwili hutengenezea dopamini, na haukupita muda wakainuka. Kabla ya hapo wengi walidhani dopamini ni hatua tu ya njiani kuelekea kemikali nyingine. Kumbe yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiwanyanyua. Mwaka 2000 kazi hiyo ilimpatia Carlsson Tuzo ya Nobel.

Niliposoma habari ya wale wanyama nilifunga kitabu. Nilimwona mdogo wangu juu ya mkeka, sahani ya wali imefunikwa kando yake, wali umepoa, naye amelala ubavu akitazama ukuta. Tulimwita mvivu.

Watu husema dopamini ni kemikali ya raha. Ni zaidi ya hapo, na pengine tofauti na hapo. Ndiyo inayomsukuma kiumbe kukiendea kitu: aone kwamba kinafaa, ainuke, anyooshe mkono. Mtu anaweza kubaki na ulimi wa kuonja utamu na akakosa kile kinachomnyanyua kuufuata. Chai ipo, na anajua ni tamu. Haoni sababu ya kuinuka.

Nyumba yetu, kama nyumba nyingi za Mombasa, maji ya bomba huja kwa zamu, kwa hiyo tunaishi na madumu. Nimeona kwamba hapo ndipo ninapoweza kumweleza jirani yangu mambo ya ubongo bila kumchosha. Dopamini ni maji. Vipokezi vilivyo juu ya seli za neva ni madumu ya kuyakingia. Siku ya kawaida maji huja kidogo kidogo: salamu ya rafiki, harufu ya chakula, upepo wa jioni, mtoto anayekucheka. Madumu yanatosha, nyumba inapata ya kunywa. Kathinoni ikiingia hulifungua bomba hadi mwisho na papo hapo huziba mtaro ambao maji yalikuwa yakirudia. Nyumba inafurika. Siku moja ya mafuriko ni sherehe. Lakini yakija kila alasiri, mwenye nyumba hufanya jambo la akili ili asizame: anapunguza madumu, moja baada ya jingine, na bomba lenyewe analikaza. Ubongo unajilinda. Haumchukii mtu wala haumwadhibu.

Kisha inafika siku mtu anaacha. Mafuriko yanakoma. Yanarudi yale maji ya kawaida, kidogo kidogo, salamu na harufu na upepo, na hakuna chombo cha kuyakinga. Yanamwagika sakafuni na kukauka mbele ya macho yake.

Mtaani hali hiyo ina jina: arosto. Wengi hulitumia neno hilo kwa wanaotumia unga, ambao miili yao hutetemeka na kutapika hadharani. Arosto ya vichangamshi kama mogoka haina makelele hayo, ndiyo maana watu hawaiamini. Wiki ya kwanza mdogo wangu alilala kama anayelipa deni la miaka 12, akaamka kula, akarudi kulala. Ndoto zilikuja kali, zenye rangi na vishindo. Mara mbili aliamka akinishika mkono, anasema tuktuk haina breki. Sisi tulifurahi. Tulisema mwili unajisafisha, baada ya siku saba atakuwa mtu mpya. Mama alimpikia mchuzi wa papa kila siku.

Baada ya wiki hiyo, usingizi ulipokwisha, ndipo ulipoanza wakati mgumu wenyewe, na ndipo sisi tulipodhani umekwisha. Alikaa. Alijibu alipoulizwa. Mpira ulichezwa kwenye televisheni na timu yake ikashinda, naye akainuka katikati kwenda kulala. Ubongo uliokuwa ukisukumwa juu kila siku huwa umejijengea kitu cha kuuvuta chini ili mizani ikae sawa. Kimojawapo huitwa dainofini, na kazi yake ni kuzuia dopamini isitoke na kumtia mtu uzito wa moyo. Mkono wa kupandisha ulipoachia, mkono wa kushusha uliendelea na kazi yake. Hakuna aliyeuambia kwamba vita vimekwisha.

Kwa vichangamshi vikali, kama kokeini na methamfetamini, hali hii hushuka zaidi na kukaa zaidi. Kwa majani huwa nyepesi. Lakini aliyetafuna tangu ujana hadi akakaribia miaka 30 hana kumbukumbu ya alasiri ya mtu mzima isiyo na jani. Hajui uzito huu ni wa kupita. Kwake yeye, hivi ndivyo dunia ilivyo ikivuliwa nguo. Mwili hauko katika hatari kubwa siku hizo kama ule wa mlevi wa pombe anayekatisha ghafla; hatari iko moyoni, kwa maana mtu anaweza kuamua kwamba dunia ya namna hii haifai kuishi ndani yake. Anayekaa na mtu wa aina hiyo asimwache peke yake muda mrefu, na asiogope kumuuliza waziwazi kama anawaza kufa. Na akimjibu kwamba anawaza, amtafutie msaada siku hiyohiyo.

Jambo jingine lilinishangaza. Tulidhani kila siku inayopita hamu inapungua. Uchunguzi kwa panya waliozoeshwa kokeini ulionyesha kwamba kwa wiki kadhaa baada ya kukatishwa, mwitikio wao kwa ishara za dawa ulizidi kukua. Kwa mdogo wangu ishara ilikuwa njugu. Muuzaji alipita kwenye kichochoro chetu alasiri, vifuko vya karatasi vimepangwa kwenye sinia, harufu imemtangulia. Wiki ya kwanza mdogo wangu hakuisikia. Wiki ya tano nilimkuta ameushika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, jasho linamtoka, na yule muuzaji amekwisha kupinda kona.

Mama alifariki kati ya wiki hizo mbili. Aliondoka usiku, kwa utulivu, kama alivyoishi.

Nimewaza sana kuhusu kufiwa tangu hapo, na kuna uchunguzi mmoja ambao sasa siwezi kuutenga na mama. Wolfram Schultz na wenzake walirekodi seli za dopamini za kima waliokuwa wakisubiri tone la juisi. Kima alipokwisha kujifunza kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, seli zilishangilia taa badala ya juisi yenyewe. Kisha taa ikawashwa na juisi isije. Sekunde ileile ambayo tone lilipaswa kufika, seli zilinyamaza, zikashuka chini ya kimya chao cha kawaida. Ubongo ulikuwa umeweka miadi, na hakuna aliyetokea.

Mwezi wa kwanza baada ya mama kuondoka, kila alfajiri nilitoa vikombe viwili. Mkono ulikwenda wenyewe. Na sekunde ile niliyoona kikombe cha pili mezani, kitu ndani yangu kilishuka chini ya kimya. Nadhani huo ndio msiba unapochunguliwa kwa karibu: miadi elfu ambazo mwili uliziweka na mtu, na zote zinaendelea kufika kwa wakati wake. Kwa mdogo wangu, alasiri ilikuwa miadi ya namna hiyo. Alikuwa amefiwa kabla hatujafiwa. Alifiwa na kitu kilichomuumiza, ni kweli, lakini hata aliyemzika mume mkali hulia. Sisi tulikaa matanga ya mmoja tu.

Baba alipofariki, miaka mingi nyuma, mama alikaa eda. Nilikuwa msichana, nami ndiye niliyempelekea maji ya kuoga. Miezi minne na siku kumi alikaa bila wanja, bila hina, bila asumini, bila manukato. Hatukumwambia achangamke. Hatukumuuliza mbona mpaka leo. Wageni waliingia wakakaa naye kimya, wakatoka. Mtu angesema wiki ya tatu kwamba sasa inatosha, ajipambe aende harusini, tungemwona hana akili. Watu wetu walijua tangu zamani kwamba kuna wakati ambao nafsi ya mtu haipatikani, wakaujengea ukuta wa siku zinazohesabika, ili yeye asilaumiwe na wengine wasiwe na haraka.

Mdogo wangu tulimpa siku saba. Ya tisa tulimtaka atabasamu. Ya 23 tulimtaka alie. Kilichokuwa kimekauka kwake kilikuwa kisima kimoja, chenye furaha na huzuni pamoja, nasi tulisimama juu yake tukigombana na ndoo.

Eda ya mwili ni ndefu. Mwaka 2001 Nora Volkow na wenzake huko Marekani walichapisha picha za ubongo wa watu waliokuwa wameacha methamfetamini. Walipopigwa picha ndani ya miezi ya mwanzo, visafirishaji vya dopamini, ule mtaro wa kurudishia maji, vilikuwa vimepungua sana. Walipopigwa tena wakiwa wametimiza mwaka mmoja na zaidi bila kutumia, vilikuwa vimerudi kwa sehemu kubwa. Nilifurahi kusoma hivyo, kisha nikasoma mbele: katika vipimo vya kumbukumbu na wepesi wa mwili, kupona hakukulingana na picha. Vyombo vilirudi, baadhi ya kazi zake zikachelewa. Kwa hiyo sitamdanganya mtu kwamba hakuna kilichopotea. Miaka 12 ya alasiri imepotea. Mchumba mmoja alisubiri, akachoka, akaolewa Malindi. Na mazungumzo yote ambayo mama angetaka kuwa nayo na mwanawe, jioni ambazo mwili wake ulikuwepo na yeye hayupo, hayo hayana picha ya kuyapima.

Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku kuingiza na kuuza mogoka, na Kilifi ikafuata. Wakulima wa Embu walikwenda mahakamani kutetea mkate wao, na Rais akatamka kwamba amri zile hazina nguvu ya kisheria. Nilisikiliza mabishano yale redioni siku nyingi. Kila upande ulikuwa na uchungu wake wa kweli: mzazi wa Pwani aliyempoteza kijana, mkulima anayesomesha watoto kwa jani lilelile. Wote walibishana juu ya jani. Sikumsikia yeyote akiuliza kuhusu siku ya 23. Kijana akiacha leo, kwa marufuku au kwa hiari, nani atakaa naye miezi ile? Hakuna kidonge kilichothibitishwa mahususi kwa uraibu wa vichangamshi. Kinachosaidia ni vitu vya polepole: mazungumzo na mtu aliyefunzwa, motisha ndogondogo kwa kila hatua, usingizi, kutembea, kazi ya mikono, na watu wasiohesabu siku kwa haraka. Yote hayo yanahitaji nyumba inayojua kwamba ndani yake mna mfiwa.

Mimi nilijua nikiwa nimechelewa, lakini nilijua. Nilianza kukaa naye alasiri, saa ile ya njugu. Sikumwambia lolote. Tulimenya nazi, tulichambua mchele, tulitembea mpaka ufukweni tukarudi. Mara mbili aliteleza akaenda kibandani, na mara mbili alirudi akaniambia mwenyewe, akaanza kuhesabu upya. Mwezi wa sita baada ya kuanza upya alicheka kitu alichosema mtoto wa jirani, akashtuka kwa sauti yake mwenyewe.

Miezi 11 baada ya mazishi, asubuhi ya Ijumaa, nilikuwa jikoni nakanda mahamri. Nilikuwa natwanga iliki kwenye kinu cha mama, kwa mchi wake mdogo uliomeguka ncha, pigo moja zito na mawili mepesi, kama alivyokuwa akifanya yeye. Sikujua kama natwanga hivyo mpaka mdogo wangu alipokuja kusimama mlangoni, ametoka kulala, shati mkononi.

"Mama alikuwa akizidisha iliki," alisema.

Nikaongeza. Nikatia mahamri ya kwanza kwenye mafuta, yakavimba, nikaopoa moja nikampa. Alilipasua katikati, mvuke ukamgonga usoni. Alitafuna polepole, macho yameelekea dirishani. Kisha taya lake likasimama. Aliteleza na ukuta taratibu mpaka akakaa sakafuni, nusu ya hamri mkononi, na kile alichokuwa akikitafuta tangu usiku wa tatu wa matanga kikamfikia. Alilia kama mtoto aliyepotea sokoni, kwa sauti, kwa mabega, akiita mama.

Nilikaa sakafuni karibu naye. Mahamri yaliungua kwenye karai na hakuna aliyeinuka kuyageuza. Alipopata pumzi, nilimshika mkono, nikamwambia neno ambalo mwaka mzima lilikuwa halijamfikia.

"Makiwa, mdogo wangu."

"Tunayo, Dada," akasema. "Tunayo."